Mbwa kagoma katikati ya mlima: tafuta sababu kabla hujavuta kamba

Watu wengi wakianza kupanda milima na mbwa hapa Dodoma wanakuja na swali lilelile, mbwa wangu kafika nusu ya mlima kalala chini hataki kuinuka, nimchape au nimbebe? Usimchape. Mbwa hana ujanja wa kujifanya mgonjwa ili arudi home akaangalie mpira, akigoma ujue kuna kitu kinamuuma au kuna kitu kakiona na we hujakiona, na kazi yako ni kukitafuta. Mimi natembea na Komando, kilo 22, masikio ni ya jamani shefadi ila vingine vyote ni vya mtaani Chang'ombe, huu mwaka wa tano tunapanda haya majabali, Ntyuka, Lion Rock, upande wa Mlimwa, na mara mojamoja tunasogea mpaka Mpwapwa kwenye Kiboriani ambako kuna msitu wa kweli sio vichaka. Karibu kila kitu nitakachoandika hapa kimenikuta mwenyewe au kimemkuta mtu niliyekuwa naye. Nimepanga kwa dalili sio kwa ugonjwa, maana ukiwa mlimani unachokiona ni dalili tu, jina la ugonjwa utaambiwa baadaye kwa daktari.

Anahema sana, kalala kivulini, hanyanyuki

Hii ndo inayoongoza kwa huku kwetu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema na kidogo sana kwenye nyayo, basi. Sasa Dodoma ina ujanja wake, tuko juu mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, asubuhi kuna kaubaridi unatoka na sweta unasema leo hali ya hewa nzuri, saa 4 jua limeshapiga jabali na jabali la hapa ukiliacha juani linakuwa kikaango. Af kitu ambacho watu hawakifikirii ni kwamba mbwa anatembea karibu na ardhi, we joto linakupiga usoni kutoka juu, yeye linampiga tumboni kutoka chini pia. Na jioni usidanganyike, saa 11 hewa imeshapoa lakini mwamba bado unatoa joto uliloweka mchana kutwa. Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza ndo kubaya zaidi, vivuli hamna, migunga na miti mingi imeshapukutisha, mbuyu wenyewe hauna jani.

Cha kwanza tofautisha kuchoka na kuzidiwa. Aliyechoka anahema, ulimi nje, ukimpa maji anakunywa, anakuangalia, dakika kumi kumi na tano za kivuli anatulia na mkia unaanza kucheza. Aliyezidiwa na joto hatulii hata umpe kivuli, mate yanakuwa mazito yananata, fizi zinakuwa nyekundu kupita kawaida, akisimama anayumba kama katoka kilabu cha pombe, anaweza kutapika, na ukimwita jina anakuangalia kama hakujui. Hapo haipo tena habari ya kupumzika kidogo tuendelee. Kama una kipimajoto, joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 mpaka 39 na ushee, ikigonga 41 uko kwenye hatari kubwa kabisa.

Mpoze kwanza, hapohapo, gari baadaye. Watu wanakimbilia kumpakia mbwa kwenye bajaji anachemka vilevile, anafika mjini kashapoteza fahamu. Mwagie maji mwili mzima, hasa tumbo, kwapa, mapaja na shingo, af mpepee kwa kofia au kipande cha boksi, upepo ndo unaoondoa joto. Ukiwa na taulo au kanga iliyolowa usimfunike ukaiacha, ikishapata joto inageuka blanketi. Usimnyweshe kwa nguvu maana yatamwingia kwenye mapafu, mwekee tu akitaka anywe. Joto likishuka kwenye 39 na nusu acha kumwagia, na hata akiamka anatikisa mkia mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu joto kali linaumiza figo na ini na madhara yanaweza kutokea siku moja au mbili baadaye wakati we ushamsimulia kila mtu kuwa kapona.

Mi mwaka wa kwanza nilikuwa mjinga, nilibeba chupa moja ya lita moja na nusu kwa ajili yetu wote wawili, mwezi wa 11, nikajipa moyo juu kutakuwa na dimbwi. Juu hakukuwa na dimbwi. Nilimbeba mabegani kama mwanambuzi mpaka chini, kilo 22, na maji yote niliyobakiza nilimmwagia yeye. Tangu siku hiyo hesabu yangu ni hii: mbwa akiwa nyumbani ametulia anahitaji kama mililita 50 mpaka 60 kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo Komando anataka lita moja na zaidi bila kufanya chochote, mlimani nabeba lita 2 zake peke yake na zangu mbali, na namnywesha kidogo kidogo kila baada ya dakika ishirini sio kusubiri mpaka ulimi ufike magotini. Tunaanza saa 12 asubuhi, saa 4 tunakuwa tumeshuka. Mbwa wa pua fupi, mbwa mnene, mbwa mzee na mbwa mwenye manyoya kama kapeti wapunguzie hata hizo saa, wengine kwa kweli waache tu nyumbani msimu huo.

Anachechemea

Angalia kwanza anachechemea mguu mmoja au yote.

Akiwa anatembea kama anakanyaga mayai, miguu yote, analambalamba nyayo, hizo zimeungua au zimekwaruzika. Weka mgongo wa mkono wako juu ya jiwe uhesabu mpaka saba, kama umeshindwa kufika basi na yeye hawezi, na huo mtihani ufanye kabla ya kupanda. Mawe ya huku yana chengachenga kama msasa, mbwa aliyelelewa kwenye vigae vya sebuleni nyayo zake ni laini, mpe wiki kadhaa za kutembea barabara ya vumbi kwanza. Zikishaungua, maji ya baridi ya kawaida, safisha, funga na gozi na soksi ya mtoto, na safari imeishia hapo.

Akichechemea mguu mmoja na ilianza ghafla, kaa chini umwinue mguu uangalie katikati ya vidole. Kama ni mbigili utaiona mara moja na utaitoa kwa vidole, yenyewe inauma ila haina makuu. Mwiba wa mgunga ndo shughuli, ni mrefu, mweupe, na unakatikia ndani, unakuta kadoa keusi tu. Ukiushika kwa kibanio vuta ulivyoingilia, usichokonoe kama umezama sana, utausukuma. Mwiba uliobaki ndani utatunga usaha siku tatu nne baadaye na utakuta mbwa anaulamba mguu mpaka manyoya yanabadilika rangi. Angalia pia ukucha wa dole gumba, ule wa juu usiogusa chini, kwenye kushuka majabali unanasa kwenye ufa na kung'oka, damu inatoka nyingi kuliko uzito wa jambo lenyewe, bana dakika tano itakata.

Kama miguu iko safi kabisa ila kesho yake anaamka mgumu na anapata nafuu akitembeatembea, hiyo ni misuli, ulimpeleka mbali kuliko alivyozoea. Na mtoto wa chini ya mwaka usimpandishe majabali ya kurukaruka, mifupa bado inakua, we mwenyewe ulikuwa unambeba mwanao.

Sasa naomba hili lieleweke. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Najua kwenye kila begi la mtu mzima Tanzania kuna panado na diklopa. Diklofenaki inatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, aibuprofeni hivyohivyo, parasetamoli inaweza kumharibia ini na damu. Nimeshaona mtu anavunja nusu kidonge kwa huruma kabisa, na kesho yake mbwa anatapika damu, mguu uliokuwa unachechemea mtu hakuukumbuka tena.

Chafya mfululizo, au anatikisa kichwa upande mmoja

Mei mpaka Julai nyasi zikikauka ndo msimu. Ile mbegu ya nyasi yenye mkia ina ncha inayokwenda mbele tu, hairudi nyuma, ikiingia puani mbwa anapiga chafya kumi kumi na tano bila kupumua na inaweza kuja na damu kidogo tundu moja. Ikiingia sikioni anainamisha kichwa upande huo na kutikisa mpaka sikio linapiga kofi. Ukiiona nje itoe, usipoiona usiingize kijiti wala pamba ya masikio, daktari ana kifaa cha kuchungulia. Watu hudhani itatoka yenyewe. Nyingine hutoka. Zisizotoka zinatembea ndani, kwa hiyo siku ya pili kama bado anapiga chafya, nenda. Kupe akiingia sikioni naye dalili ni hizohizo, huyo angalau unamwona.

Kafumba jicho

Muulize aliyekuwa naye alikuwa wapi. Kama alikuwa anapita kwenye ua wa minyaa, na huku Ugogoni nyumba nyingi zimezungushiwa minyaa, basi ni utomvu, ule maziwa ukiingia jichoni unawasha vibaya sana na we mwenyewe usijifute uso kwa mkono uliomshika. Kama alikuwa anabweka kwenye jiwe au kichuguu af akaruka nyuma ghafla akaanza kusugua uso chini, fikiria swila, yule nyoka anayetema, na kwanza toka hapo maana bado yupo.

Kwa vyote viwili dawa ya papohapo ni moja, maji mengi, dakika 15 mpaka 20, mimina kutoka pembeni ya pua kwenda nje ili yasiende jicho la pili. Kama maji ya kunywa yataisha, yaishe, ndo maana ya kushuka mapema. Maziwa ya dukani, mkojo, majani ya kutafuna, hivyo vyote nimevisikia kwa wazee na kwa heshima zote naviacha, maji yapo. Baada ya hapo daktari, jicho likichubuka likaachwa linaweza kupofuka.

Uso au mguu umevimba ghafla

Hapa lazima uwe mpelelezi kidogo. Mvimbo laini wa mdomo na macho, uliokuja ndani ya nusu saa, mbwa anajikuna lakini bado mchangamfu, mara nyingi ni nyuki au nyigu mmoja alimmeza au alimnusa. Kwangua mwiba wa nyuki upesi kwa ukucha au kadi, weka kitu cha baridi, mwangalie. Akianza kutapika, fizi kuwa nyeupe, kupumua kwa shida, hiyo sio ya kuangalia tena, ni mbio.

Nyuki wengi ni habari nyingine kabisa. Huku kati watu wanafuga nyuki sana na nyuki pori wanakaa kwenye matundu ya mibuyu na nyufa za majabali, ukisikia mvumo kwenye ufa rudi ulikotoka kimyakimya, usipite chini yake eti haraka haraka. Wakishavamia usisimame kuwapiga, kimbia mbali, mita mia na zaidi, na mbwa umwachie kamba kama huwezi kukimbia naye, akifungwa pale atakufa pale. Jamaa yangu alimfunga mbwa kwenye mti kivulini ili yeye apande juu kupiga picha, mti ulikuwa mbuyu wenye mzinga, sitasimulia zaidi.

Mvimbo mmoja, wa moto, unaouma ukiugusa, unaoongezeka saa hadi saa, na pengine damu inachuruzika isigande, hiyo ni nyoka mpaka uthibitishiwe vingine, na kwa huku mshukiwa wa kwanza ni kifutu. Kifutu tatizo lake hakimbii. Wengine wakisikia kishindo wanasepa, yeye analala njiani rangi ileile ya majani makavu anasubiri ukanyage, na mbwa anatembea pua mbele, kwa hiyo anaumwa usoni au mguu wa mbele. Usitafute matundu mawili, manyoya yanaficha.

Cha kufanya ni kidogo na ndo kinachowashinda watu: vua kola maana shingo itavimba, mtulize, mbebe asitembee, piga simu kwa daktari ukiwa njiani uulize kama anaweza kupokea, twende. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba juu ya mguu maana kifutu anaozesha nyama na we unamsaidia kuiozesha, jiwe la nyoka lirudishe mfukoni, mafuta ya taa pia. Na nyoka usimfukuze ili umpige picha, watu wawili kuumwa kwenye safari moja sio sifa. Kama hakuna mvimbo ila mbwa anaanza kulegea, kope zinaanguka, mate yanamwagika, anashindwa kupumua, hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu, koboko au ndugu zake, na hapo dakika zina maana kuliko kitu chochote.

Kasimama, manyoya ya mgongo juu, hataki kupita

Komando anaogopa pimbi. Naliweka wazi mapema, jina lake kubwa lakini pimbi akipiga kelele juu ya jiwe yeye anajificha nyuma ya magoti yangu. Kwa hiyo nilichukua muda kujifunza tofauti ya woga wake wa kila siku na ule mwingine. Woga wa pimbi anabweka na kurudi nyuma. Ule mwingine habweki. Anasimama, mkia chini, pua juu, ananguruma ndani kwa ndani kama jenereta la mbali, hiyo nimeiona mara mbili tu, mara ya pili tulikuta nyayo za chui kwenye mchanga wa korongo, mbichi.

Asipobweka geuka. Sio lazima ujue ni nini. Chui mbwa ni kitoweo chake anachokipenda, fisi vilevile, na nyani dume wakiwa kundi wanaweza kumchana mbwa mkubwa. Mfunge kamba fupi, msogeze kwako, rudini taratibu mkiendelea kutazama upande anaoutazama yeye, usikimbie. Na usilale porini na mbwa amefungwa nje ya hema, nimesikia watu wanafanya hivyo eti awe mlinzi.

Kabla hujafika huko, kumbuka hifadhi za taifa na mapori ya akiba mbwa hatakiwi, huko Swagaswaga usifikirie. Msitu wa hifadhi uliza kwanza ofisi ya wilaya ya TFS, wakala wa misitu. Na ukienda Kolo kule Kondoa kwenye michoro ya miambani, ile iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, pitia ofisi ya kituo pale Kolo uulize habari ya mbwa kabla hujamshusha kwenye gari. Baadhi ya yale mapango watu wa pale bado wanafanyia matambiko, sio mandhari ya picha tu, na mbwa anayeinua mguu kwenye kila jiwe hana taarifa kwamba jiwe hili lina mchoro wa maelfu ya miaka.

Anavuta, haskii jina, kaona mbuzi

Hili ni tatizo la mwenye mbwa. Sababu ni kwamba ulimfungua kamba kwa kuwa palikuwa kimya, na kwenye vilima vya huku kimya hakimaanishi hakuna mtu, kuna kijana na mbuzi arobaini nyuma ya jiwe lile. Mbwa akiwafukuza mbuzi mfugaji ana haki ya kuwalinda, na ana fimbo, wakati mwingine mkuki, na mbwa wake watatu. Mimi nililipa mbuzi mmoja, jike lenye mimba, na mzee alinisamehe nusu ya bei kwa sababu moja tu, nilimfuata mwenyewe kabla hajanitafuta. Nilianza na shikamoo, nikaongeza mbukwa ya kubahatisha, akacheka Kigogo changu, ndo tukaongea.

Ukisikia kengele za mifugo, kamba. Ukiona watu njiani, kamba, na msogeze pembeni wapite, wengi hawazoei mbwa wa kutembea na mtu na wengine kwa dini yao mate ya mbwa ni najisi, hasa ukiwa Kondoa huko, kwa hiyo mtu akikwambia mshike mbwa wako usimjibu "hana shida huyu". Yeye ndo ana shida, na iko sawa.

Mbwa wa kijiji wakimuuma mbwa wako, au mbweha au mnyama yeyote, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, na daktari amwongezee chanjo ya kichaa hata kama cheti chake bado kina muda. Ukiumwa we mwenyewe osha hivyohivyo na uende hospitali siku hiyo, sio ukiona dalili, kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina dawa. Chanjo ni kila mwaka, kuanzia miezi mitatu, na kuelekea tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi huwa wanachanja bure, ulizia ofisi ya mifugo ya kata.

Kapanda, kushuka hawezi. Au kaingia kwenye ufa

Kupanda jabali mbwa anaweza, kucha zinamsaidia. Kushuka uzito wote unakuja mbele. Akilia juu ya mwamba usimwite kwa fujo, ataruka. Panda, mvalishe mkanda wa kifuani sio kola, mshushe hatua kwa hatua. Akiingia ufani kufuata pimbi, usiingize mkono kumvuta bila tochi, kwenye nyufa hizo chatu naye anafuata pimbi. Mara nyingi akitulia anatoka kinyumenyume mwenyewe, weka kitu chenye harufu nje na ukae kimya. Januari mwamba ukilowa unateleza kama sabuni, mi mwezi huo nabaki njia za chini.

Anatapika

Kama katapika mara moja povu la njano na anaendelea kucheza, huenda kanywa maji ya dimbwi au kala mavi ya ng'ombe, kawaida yao. Mnyime chakula masaa machache, maji kidogo kidogo.

Lakini hapa Dodoma kuna sababu moja ambayo sehemu nyingine za nchi hawana haja ya kuifikiria, zabibu. Mbwa zabibu ni sumu, mbichi, kavu, ya mvinyo, zote. Tunapita njia za Hombolo, Mpunguzi, Bihawana, mashamba yako kandokando, na mavuno ni mara mbili kwa mwaka, zilizoanguka zinachachuka chini, zina harufu tamu, mbwa anaokota kama karanga. Haijulikani kirahisi ni kiasi gani kinamdhuru mbwa yupi, mmoja anakula nyingi hapati kitu, mwingine chache figo zinafeli, kwa hiyo usipige hesabu. Kutapika kunaanza ndani ya siku moja, af anakataa kula, analegea, siku moja mpaka tatu mkojo unapungua au unakata kabisa, na ukisubiri mpaka mkojo ukate umechelewa. Ukimwona anakula, ondoka hapo nenda kwa daktari wakati bado hata dalili hamna, anaweza kumtapisha akiwahi. Nilipomwambia mwenye shamba mmoja alinitazama kama namtukania zao lake. Kesho yake akanipigia kuuliza kama na mchuzi wa zabibu kavu kwenye pilau nao umo. Umo.

Akitapika huku anatetemeka, mate povu, misuli inakakamaa, fikiria sumu ya kutegwa, kuna watu wanatega nyama kwa ajili ya fisi au mbwa wasumbufu. Maziwa, mafuta, chumvi, mkaa wa jikoni uliosagwa, acha vyote, anaweza kupaliwa, mkimbize. Ndo maana kuokota mzoga ni kosa ambalo Komando anajua halina mjadala.

Wiki mbili baadaye, kalegea bila sababu

Hii ndo inawapiga watu maana safari walishaisahau. Mbwa hali, ana homa, fizi zimepauka, pengine damu inatoka puani au mkojo umekuwa rangi ya kahawia. Kupe. Magonjwa ya kupe yanachukua wiki moja mpaka tatu kujitokeza, kwa hiyo daktari akikuuliza amekula nini jana, mwambie pia wiki tatu zilizopita mlikuwa wapi, apime damu. Kama mlikuwa miyombo ya kuelekea Manyoni au popote penye mbung'o, mwambie na hilo, hasa ukiona macho yameingia ukungu wa bluu, mbung'o hao wanampa mbwa ugonjwa wa nagana na unaua.

Mkitoka porini mkague kabla hajaingia ndani, masikio ndani na nje, katikati ya vidole, kwapa, chini ya mkia, chini ya kola. Mbane kupe karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja. Kumpaka mafuta ya taa au kumchoma na njiti kunamfanya atapike ndani ya mbwa, ndo kitu usichotaka. Dawa ya kuzuia ipo ya kidonge na ya kumwagia mgongoni, nunua ya mbwa kwa uzito wa mbwa, zile za josho la ng'ombe za kukadiria kwa kifuniko zimeua mbwa wengi wazuri, na yenye pemethrini usimguse nayo paka.

Komando alipata mwaka juzi baada ya Kiboriani. Nilidhani kachoka tu, nikampa siku tatu, siku ya nne alikuwa hawezi kupanda kizingiti cha mlango. Daktari alimwandikia vidonge vya doksi (doksisaiklini) siku 28, kila siku kwenye tonge la ugali na dagaa, baada ya wiki akawa anakula ugali na kutema kidonge, ikabidi nimfiche kwenye ini. Siku ya 26 jirani alinigongea mlango, kandambili yake ya kushoto haionekani, nikajua mgonjwa kapona.